Kliniki ya sheria chuoni: tumefika wapi Januari hii na mwaka unaelekea wapi

Wiki ya kwanza

Heri ya mwaka mpya wadau. Mliouliza mbona shajara ilikaa kimya tangu Novemba, tulikuwa tunabishana tu, na ubishi wenyewe ulikuwa wa hela. Kitivo kilipata fungu dogo la maendeleo, sasa upande mmoja, wengi wao wakubwa zangu kazini, walitaka tukamilishe chumba cha muti, ile mahakama ya mazoezi, kiwe na kizimba cha mninga na viti vya juu vya majaji na ngao ya taifa ukutani, mgeni akija anaonyeshwa. Upande wa pili, tuliokuwa wachache, tulitaka hela iende kliniki, yaani kile kichumba pembeni ya maktaba ambako watu wa mjini wanakuja na matatizo yao na vijana wa mwaka wa tatu na wa nne wanakaa kuwasikiliza na kuandika.

Tumegawana. Muti itapata meza na rangi, kizimba kitasubiri. Kliniki imepata printa, skana, kabati la chuma lenye kufuli, na posho ya nauli kwa mawakili wanaokuja kutusimamia. Sio nyingi lakini nimeshukuru, mwaka jana wakili alikuwa anakuja kwa bodaboda ya hela yake na bado tunamwomba kalamu.

Sababu niliyoitoa kikaoni ni ile ile, mwanafunzi wetu anamaliza anajua kuiongea sheria ila hajui kuiandika. Mnakumbuka Oktoba 2022 matokeo ya Law School, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo pale Dar, kundi la 33, watu 633 na waliofaulu moja kwa moja ni 26. Nchi nzima ikapiga kelele, waziri wa Katiba na Sheria wa kipindi kile Damas Ndumbaro akaunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe, mtaani watu wakagawanyika, hawa wanasema mtihani wa kukomoana, hawa wanasema watoto wa siku hizi hawasomi. Mi niliona kitu kimoja tu, wale wote 633 walifika pale na digrii ya sheria mkononi, na hizo digrii hazikudondoka kutoka mbinguni, tulizitoa sisi wa vyuoni. Mtu hajawahi kuona faili la kesi likoje kwa ndani, hajawahi kukaa na mteja anayelia, halafu anatakiwa ndani ya miezi michache ajue kuandaa kila hati kuanzia kiapo hadi rufaa. Kwa hiyo kwangu kizimba cha mninga kinaweza kusubiri hata miaka mitatu.

Wiki ya pili, madesa

Hii wiki tumepitia madesa na nimechoka hadi mgongo. Kwa wasiojua maisha ya chuo, desa ni yale makaratasi yanayorithishwa, mwaka wa nne anamwachia mwaka wa tatu, yule anapiga fotokopi anampa mdogo wake, na kadri linavyozunguka ndivyo linavyoaminiwa. Kozi nyingine shida haionekani sana. Kwenye sheria desa la zamani linaumiza mtu ambaye hata chuo hajawahi kukanyaga.

Mfano ni huu. Mzee mmoja alikuja ana mgogoro wa kiwanja na jirani, jirani kasogeza uzio. Kijana wetu, mpole tu, heshima zote, shikamoo mzee karibu ukae, akamsikiliza vizuri kabisa, kisha akamwambia mzee kwa kuwa kiwanja chako thamani yake haizidi milioni tatu nenda Baraza la Kata watakuhukumia. Ndivyo desa linavyosema na ndivyo ilivyokuwa zamani. Lakini 2021 sheria ilibadilishwa, Baraza la Kata limeondolewa mamlaka ya kuamua kesi za ardhi, limebaki na usuluhishi tu, likishindwa linatoa cheti kwamba limeshindwa, siku 30 zikipita bila suluhu mtu anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Maana yake mzee bado angeanzia pale pale Kata, ila angekaa miezi anasubiri hukumu ambayo haipo, na jirani anajenga. Bahati wakili msimamizi alikuwa chumba cha pili akasikia, akatoka akakaa nao wote wawili akawaeleza upya.

Na sasa imeongezeka hii ya Toleo la Marekebisho la sheria za nchi la 2023, ambalo Rais alilizindua Dodoma Aprili 2025 na limeanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Toleo kubwa la namna hiyo lililotangulia lilikuwa la 2002, fikiria mwenyewe, kuna wanafunzi wetu wamezaliwa baada ya hapo. Namba za Sura, yaani namba ya kila sheria, zimebaki, Kanuni ya Adhabu bado ni Sura 16, Mwenendo wa Madai bado Sura 33, Sheria ya Ndoa bado 29, lakini kuna vifungu namba zimesogea, kwa hiyo yule aliyekariri namba tu bila kuelewa kifungu kinasema nini ndio anayepata tabu kuliko wote. Mi kimoyomoyo nimefurahi kidogo.

Tulichokubaliana ni hivi, karatasi yoyote inayoingia kliniki iandikwe juu ni ya lini na inatumia toleo gani, isiyo na tarehe inachanwa. Tumechana nyingi, kuna dada mmoja wa mwaka wa nne alikaribia kulia, desa lake lilikuwa la kaka yake. Kesi sasa hivi wanasoma TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama zetu, moja kwa moja, hukumu ziko bure, shida ni bando tu, na intaneti ya chuo kuanzia saa nne asubuhi inazimia kabisa hadi jioni. Kwa hiyo kuna kijana amejitolea anakuja alfajiri anadaunilodi hukumu za wiki anaziweka kwenye kompyuta ya kliniki. Huyu akimaliza nitamwandikia barua ya mapendekezo kwa mikono miwili.

Wiki ya tatu, kuandika

Sasa hapa ndipo kazi ilipo, nisameheni nitakuwa mrefu.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na mtakumbuka hata kabla ya hapo Jaji Zephrine Galeba alishaandika hukumu kwa Kiswahili akiwa Mahakama Kuu Musoma, Rais Magufuli akamsifia mbele ya watu Siku ya Sheria Dodoma na kumpandisha kwenda Mahakama ya Rufani hapo hapo. Baadaye 2022 zikaja kanuni za Jaji Mkuu kuhusu mazingira ambayo Kiingereza bado kinaweza kutumika. Mahakama ya Mwanzo yenyewe ni Kiswahili tangu enzi, na tangu 2021 wakili anaruhusiwa kuingia kule kama anayeongoza ni hakimu mkazi. Yaani soko la vijana wetu limefunguka kule chini kabisa, wilayani na vijijini, mahali ambapo wananchi wengi ndio wanaanzia. Sisi darasani lekchara ni Kiingereza, asaimenti Kiingereza, UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista, Kiingereza. Halafu anakuja mama anaeleza jambo lake la miaka kumi na mbili kwa Kiswahili cha kuchanganya na Kihehe na mwanafunzi anatakiwa alitoe likiwa hati ya madai.

Nilidhani tatizo litakuwa msamiati wa kisheria. Msamiati upo, wanauokota haraka tu. Kinachowashinda ni kusimulia. Hati ya madai inataka nani anadai, nani anadaiwa, wanaishi wapi, nini kilitokea na lini, kwa nini mahakama hii ndiyo ina mamlaka, thamani ni kiasi gani, unaomba nini. Ndio hivyo tu. Lakini mtoto amefundishwa kujibu mtihani, kwa hiyo aya ya kwanza anaanza kueleza sheria, ya pili anataja kesi, ukifika aya ya sita bado hujui mama amedhulumiwa nini. Kuna rasimu moja niliipata ina kesi nne za Mahakama ya Rufani ndani na haina tarehe hata moja ya tukio. Sasa bila tarehe utajuaje kama shauri limepitwa na ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua kesi? Ardhi ni miaka 12, mkataba 6, madhara kama kashfa na uzembe 3. Tarehe ndiyo roho ya kesi, mtu anaisahau anakumbuka kumnukuu jaji.

Kwenye viapo ni hivyo hivyo. Kiapo ni ukweli unaoujua wewe unayeapa, sio mahali pa kubishana wala kuomba nafuu, na hilo lipo tangu ile kesi ya Matovu ya Uganda ya 1966 ambayo kila mtu hapa Afrika Mashariki ameisoma. Wanaisoma, wanapata A, kisha wanaandika kiapo kimejaa hoja za sheria mwanzo mwisho. Na mwisho kule chini kwa kamishna wa viapo wanasahau kuweka mahali na tarehe kiapo kilipoapwa, kitu ambacho sheria ya makamishna wa viapo, Sura 12, imekisema wazi, na ambacho upande wa pili wakikiona wanaruka na pingamizi la awali asubuhi hiyo hiyo. Tumewahi kushuhudia maombi ya watu yakitupwa mahakamani kwa kitu kama hicho, wanarudi kuanza moja, na nauli ya kutoka kijijini hairudishwi na mtu.

Basi tulichofanya wiki hii, tumefuta kabisa mazoezi ya kubuni. Kila kundi limepewa faili halisi la mteja, kwa ridhaa yake na majina yamefichwa, wanaandika rasimu kwa Kiswahili, wanamsomea mteja kwa sauti. Kama mteja mwenyewe haelewi habari yake ikisomwa basi rasimu inarudi. Mara ya kwanza karibu zote zilirudi. Mzee mmoja alisikiliza yake hadi mwisho akauliza kwa upole, "Sasa mwanangu, huyu unayemsema hapa ni mimi au ni yeye?" maana mdai na mdaiwa walikuwa wameshabadilishana mahali njiani. Darasa zima lilicheka, mwandishi akawa mdogo kama piritoni. Rasimu yake ya pili ilikuwa nzuri kuliko za wenzake wote.

Kuweka wazi jambo moja kwa sababu watu wanauliza, wanafunzi hawasimami mahakamani na hawasaini chochote. Hati lazima ionyeshe imeandaliwa na nani na huyo awe na sifa kisheria, Sheria ya Mawakili haina utani. Wanaandaa, wakili msomi anakagua, anafuta, anakasirika kidogo, anagonga muhuri wake.

Wiki ya mwisho, Wiki ya Sheria

Kila mwaka mwishoni mwa Januari mahakama zinafanya Wiki ya Sheria kabla ya Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, ndio mwaka wa kimahakama unaanza. Safari hii tuliomba meza kwenye maonyesho ya mahakama mjini na tukapewa, chini ya turubai, mvua ya huku kwetu mnaijua, tope hadi kwenye soksi, lakini watu walikuja.

Nilitegemea ardhi ndiyo itaongoza, kumbe mirathi imeipita. Na mirathi yenyewe sio ngumu kisheria, ngumu ni familia. Mtu anajua anatakiwa cheti cha kifo, anajua kikao cha familia na muhtasari wake, anajua kwenda Mahakama ya Mwanzo kama marehemu mambo yake yanaangukia sheria ya kimila au ya Kiislamu. Asichojua ni kwamba kuteuliwa msimamizi wa mirathi sio kupewa mali. Kaka mkubwa anateuliwa, anatoka mahakamani na ile barua, anahamia nyumba ya marehemu. Wenzake wanafikiri mahakama ndiyo imeamua hivyo, wananyamaza miaka. Tulipowaambia kwamba msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke mahakamani orodha ya mali na hesabu, fomu namba tano na sita, na kwamba asipofanya wanaweza kwenda kuomba aitwe ajieleze au hata aondolewe, kuna dada watatu wa familia moja waliangaliana, wakaondoka bila kuaga. Sijui waliko ila nadhani kuna kaka yuko matatani.

Ndoa nazo zilikuwepo. Wengi wanataka talaka leo leo, tunawarudisha kwanza baraza la usuluhishi, kanisani au BAKWATA au kata, maana bila cheti cha baraza kushindwa kusuluhisha shauri kwa kawaida halipokelewi. Mama mmoja aliuliza, mimi sikuwahi kuajiriwa, nyumba imejengwa kwa mshahara wake, nina changu? Vijana wakamjibu kwa pamoja kama kwaya, Bi Hawa Mohamed, 1983! Ni kweli, Mahakama ya Rufani kwenye kesi ile ilisema kazi za nyumbani na malezi ni mchango kwenye mali ya ndoa, na hadi leo ndio msimamo. Ila nikawauliza vijana baadaye, na Bi Hawa mwenyewe alipata nini? Kimya. Rufaa yake ilikataliwa, mahakama ikaona fedha alizokuwa amepewa na mume za kufanyia biashara alizitapanya, hivyo hakuongezewa kitu. Kanuni tumerithi sisi, yeye aliondoka mikono mitupu. Nataka wajue kusoma kesi mpaka mstari wa mwisho maana kanuni haimlishi mteja.

Gari la matangazo la mahakama lilikuwa limeegeshwa nyuma yetu linapiga muziki, saa nyingine unamshauri mtu kwa kupiga kelele kuhusu siri zake za ndoa. Mwakani tuombe kona ya mbali.

Mwanzo wa Februari, vilivyokwama

UE zinaanza mwezi huu na kliniki inabaki tupu. Hii ndiyo shida kubwa kuliko hela. Mwanafunzi anafunga kitabu cha kliniki anakwenda kukesha, ni haki yake, akipata sapu, yaani mitihani ya kurudia, mbili tatu akadisko, yaani akaondolewa chuo, nani atamlisha, lakini faili la mteja halifanyi mtihani. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30, kutoka Baraza la Ardhi kwenda Mahakama Kuu ni 45, hazijali timetebo yetu. Tumebandika ubao ukutani wenye kila faili na tarehe yake ya mwisho kwa wino mwekundu, na sisi walimu wawili pamoja na karani tumegawana zamu hadi mitihani iishe. Bado sisi ni wachache mno. Mmoja akiugua tumekwisha.

Halafu kusajili mashauri kwa mtandao. Mfumo wa mahakama ni mzuri, karatasi zimepungua kweli, ila mteja wetu hana baruapepe, simu yake ni ya tochi, namba ya malipo inakuja kwa wakili ambaye yuko safarini, muda unakwenda. Tunajaribu kuona kama mahakama ya wilaya watatupa siku maalum ya kusaidiwa na watu wao wa tehama. Hakimu mfawidhi ametusikiliza vizuri, kasema tuandike barua. Tumeandika. Tunasubiri.

Mawakili wa kusimamia nao ni wachache, wale wazuri wana kazi zao, siwalaumu.

Mbele huko

Pendekezo letu la kuifanya rasimu ya Kiswahili iwe sehemu ya alama za kozi badala ya kazi ya kujitolea limepita bodi ya kitivo, kwa mbinde, kuna mwenzetu alisema tutashusha hadhi ya digrii. Sikubaliani naye hata chembe na nimemwambia, hadhi gani iliyoshuka kwa mtu kuweza kuandika kitu ambacho mahakama na mteja wote wanakielewa? Kiingereza hatukifuti, kuna mikataba na kuna kesi za nje na kuna timu yetu ya muti inayotaka siku moja ifike mashindano ya haki za binadamu ya vyuo vya Afrika yale yanayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Pretoria tangu 1992, na kule utajitetea kwa lugha za kule. Sasa pendekezo liko seneti. Likipita tunaanza semista ya pili na mwaka wa tatu. Lisipopita tutaendelea kama klabu, ambapo anakuja anayependa tu, na wanaopenda mara nyingi ndio ambao wangejifunza hata wenyewe.

Julai hadi Septemba ni fildi, mafunzo ya vitendo nje ya chuo. Mwaka huu tunataka angalau nusu ya wanafunzi wasirundikane Dar kwenye ofisi kubwa za mawakili wakitumwa kununua chai, waende wilayani, kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya ile sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, au wakae na makarani wa Mahakama za Mwanzo waone siku moja ya kawaida inavyokwenda. Bumu la fildi, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, ni dogo, kwa hiyo wengi wataangalia kwanza wapi ana ndugu wa kulala kwake, tunalijua hilo, tumeanza kuwauliza mapema nani ana shangazi wapi.

Chumba cha muti fundi ameshapaka rangi. Kijani. Hakuna aliyeulizwa.

Na maktaba, naomba hapa. Mwenye TLR za miaka ya themanini au HCD za zamani, yale majuzuu ya ripoti za kesi, zilizokaa stoo, hata kama panya wameonja kava, zisipelekwe kwenye kufungia maandazi, tutazifuata wenyewe popote zilipo kwa gari la chuo, na skana sasa tunayo.